Kutoka Kiti cha Kulia

Huku kwetu, ukifungua mlango wa mbele wa kulia umefungua mlango wa dereva. Ufaransa usukani uko kushoto, na anayekaa kulia ni abiria. Michèle Mouton aliingia kwenye mbio za magari kwa mlango huo wa abiria. Ilikuwa mwaka 1972, ana miaka 21, ameanza kusoma sheria na kuachana nayo, na rafiki yake Jean Taibi alikuwa akitafuta mtu wa kukaa naye garini wakati anajifua kwa ajili ya rali ya kisiwa cha Corsica. Akakaa. Januari 1973 wakaenda pamoja Monte Carlo, rali ya kwanza kabisa ya ubingwa mpya wa dunia, ndani ya Peugeot 304. Bado alikuwa kulia, mwelekezi mwenye daftari la njia mapajani.

Kabla miaka 10 haijatimia tangu siku hiyo alikuwa Afrika Magharibi, usukani mikononi, akiongoza rali ambayo ingeweza kumfungulia njia ya ubingwa. Si ubingwa wa wanawake. Wa dunia. Na dereva aliyekuwa akigombea naye taji alikuwa nyuma yake kwa zaidi ya saa nzima.

Wanaomsimulia hupenda kusema ni muujiza. Mimi neno hilo linanikera, kwa sababu linafunga mazungumzo pale ambapo yangepaswa kuanza. Katika rali saa haina upendeleo: kila gari linaachiwa peke yake, baada ya dakika moja au mbili linaachiwa jingine, na mwisho wa njia mtu anaandika muda kwenye kadi. Saa haijui ndani ya gari yumo nani. Lakini kabla ya saa kuna kiti, na kiti hakigawiwi na saa. Kinagawiwa na watu wenye magari na pesa. Ndiyo maana habari za Mouton mimi huzisoma kiti kwa kiti: nani alimpa, kwa sharti gani, na kilimtoka vipi.

Alizaliwa tarehe 23 Juni 1951 huko Grasse, mji wa milimani kusini mwa Ufaransa unaojulikana kwa manukato. Wazazi wake walilima maua, mawaridi na asumini, yale yanayochumwa mapema na kupelekwa viwandani kabla jua halijaiba harufu. Alikuwa na miaka 14 alipoanza kuliendesha gari la baba yake, Citroën 2CV, kigari cha mkulima chenye injini ndogo na springi laini kama godoro. Kwa kigari cha namna hiyo huwezi kushindana na mtu yeyote. Unachojifunza ni kutopoteza mwendo kwenye kona, kwa sababu ukiupoteza itakuchukua nusu ya mlima kuurudisha.

Baba yake ndiye aliyebadilisha kila kitu, na alifanya hivyo kwa wasiwasi tu wa mzazi. Hakupenda kumwona binti yake amekaa kwenye gari linaloendeshwa kasi na mtu mwingine. Kama ni rali, akamwambia, basi endesha mwenyewe. Akamnunulia Alpine A110 na kumpa mwaka mmoja: ukifanya vizuri endelea, usipofanya vizuri tafuta kazi nyingine. Hapo ndipo penye nusu ya hadithi hii. Wasichana wangapi wa Grasse mwaka 1973 walikuwa na mkono mwepesi na moyo mgumu kama wake? Sijui. Waliokuwa na baba mwenye uwezo wa kununua Alpine, na utashi wa kuitoa, nadhani unaweza kuwahesabu kwa vidole na vikabaki.

Alpine lilikuwa gari la maana, si mchezo wa mtoto. Ni gari fupi la chini, bodi la faiba, injini nyuma ya magurudumu ya nyuma. Mwaka huohuo wa 1973 kampuni hiyo ilichukua ubingwa wa kwanza wa dunia wa watengenezaji. Gari la namna hiyo mkia wake unataka kutangulia kila kona, na dereva anapaswa kuuacha uende kiasi na kuurudisha kabla haujavuka mpaka. Mouton aliuelewa mkia huo upesi. Mwaka 1974 alirudi Corsica, safari hii upande wa kushoto, akamaliza wa 12 katika rali yake ya kwanza ya dunia akiwa dereva.

Matokeo yalipoanza kuja yakaja na maneno. Pembeni ya njia watu walinong'ona kwamba injini ya msichana yule imechezewa, kwamba haiwezekani. Wakaguzi wakaifungua. Wakaipima. Ilikuwa injini ya kawaida, kama ilivyotoka kiwandani. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye bila kinyongo kikubwa, na mimi naona uchunguzi ule ulikuwa heshima iliyokosea njia: hakuna anayehangaika kufungua injini ya dereva anayeshika mkia.

Siku hizo rali nyingi zilikuwa na kombe la wanawake, lililogombewa na akina mama peke yao ndani ya rali ileile. Mouton alilibeba tena na tena, akawa bingwa wa wanawake wa Ufaransa na wa Ulaya. Kombe hilo lilikuwa na faida yake, maana lilileta wadhamini. Lakini lilikuwa pia dari. Ukishapewa kikombe chako cha pembeni, hakuna anayetazama umemaliza wa ngapi kwa jumla.

Na hapa Afrika Mashariki tulikuwa tumeshaona kwamba jumla ndiyo yenye habari. Mwaka 1961, kwenye East African Safari, rali yetu ya Pasaka, Mwingereza Anne Hall na mwenzake Lucille Cardwell walirudi na Ford Zephyr katika nafasi ya 3, nyuma ya Mercedes mbili. Mwaka uliofuata Pat Moss, dada yake dereva Stirling Moss, akaja na mwelekezi wake Ann Riley na Saab 96, kigari cha injini isiyofika hata lita moja, nacho kikamaliza cha 3. Njia zilezile zilizomeza magari ya wanaume kwa makumi. Mwaka 1974 Orie Rogo, yule Wakenya waliyemjua baadaye kwa vilemba vyake na ulimi wake, akawa Mwafrika mwanamke wa kwanza kushiriki rali hiyo. Kwa hiyo mzee wa Nakuru aliyekuwa akisimama kandokando ya barabara kila Pasaka asingeshangaa sana kuhusu binti wa Grasse. Angeuliza tu anaendesha gari gani.

Jibu, kwa miaka kadhaa, lilikuwa: si gari analolitaka. Mwaka 1975 alikwenda kwenye mbio za saa 24 za Le Mans na wanawake wenzake wawili, Christine Dacremont na Marianne Hoepfner, wakashinda daraja la magari ya lita 2 kwa gari dogo la Moynet. Mvua ilinyesha, wengine wakapunguza mwendo, yeye akawa anawapita. Mwaka 1977 Fiat ya Ufaransa ikampa kiti cha kiwanda. Kiti cha kiwanda maana yake mshahara, mafundi, matairi yasiyohesabiwa. Maana yake pia gari ulilopewa, na yeye Fiat 131 Abarth hakuipenda. Aliiona nzito kama lori. Hata hivyo alishinda nayo Tour de France ya magari mwaka 1978, na kati ya 1978 na 1980 alimaliza Monte Carlo wa 7 mara 3 mfululizo. Wa 7, wa 7, wa 7. Dereva wa hivyo huitwa wa kutegemewa, na wengi hubaki hapo mpaka wanapozeeka.

Kisha simu ikapigwa kutoka Ingolstadt, Ujerumani.

Audi walikuwa wamezindua Quattro mwezi Machi 1980, gari ambalo nguvu ya injini ilikwenda kwenye magurudumu yote 4. Kwa mtu wa huku hilo si jambo geni. Land Rover ya misheni ilifanya hivyo miaka mingi kabla. Jambo geni lilikuwa kuweka mfumo huo kwenye gari la rali, lenye injini ya silinda 5 na turbo ya kuvuta zaidi ya farasi 300. Timu nyingine zilicheka uzito wake. Kicheko kiliisha siku walipoliona linaondoka kwenye changarawe iliyolowa.

Audi walimchukua Hannu Mikkola, Mfini mzoefu, na kando yake wakamwita Mouton. Wengine walisema ni matangazo ya biashara, na pengine mtu fulani ofisini aliwaza hivyo kweli. Lakini tangazo haliwekwi kwenye gari la gharama ile likapigizwe miamba ya Ugiriki kama halina mwendo. Akapata pia mwelekezi mpya, Fabrizia Pons wa Turin, aliyekuwa ameshawahi kuendesha rali mwenyewe. Wawili hao wakawa jina moja.

Inafaa tusimame kidogo ndani ya gari hilo. Quattro injini yake ilikaa mbele kabisa, mbele hata ya ekseli, kwa hiyo pua ilikuwa nzito. Ukifika kwenye kona na kukata usukani kama ulivyofundishwa kwenye Alpine, pua haigeuki. Inanyoosha kuelekea msituni. Zaidi ya hapo, turbo ya siku hizo ilikuwa na uvivu: ukiachia mafuta inalala, na ukikanyaga tena inakaa kwanza, kisha inaamka yote kwa pamoja. Dawa ilikuwa kuendesha kwa miguu miwili. Mguu wa kulia unabaki kwenye mafuta ili turbo isilale, wa kushoto unagusa breki ili uzito uje mbele na mkia ulegee, na gari linaanza kugeuka kabla kona yenyewe haijafika. Mouton aliyekuwa na miaka 8 ya tabia nyingine miguuni alilazimika kujifunza upya, na Mikkola ndiye aliyekuwa mbele yake wa kutazamwa.

Kulia, Pons anasoma. Kabla ya rali wamepita njia nzima polepole, wakaandika kila kona: inafunga kiasi gani, mita ngapi mpaka inayofuata, wapi pana jiwe, wapi ukikata utapata pancha. Siku ya mbio anaisoma njia kona moja au mbili kabla macho hayajaiona. Akichelewa kwa pumzi moja, dereva yuko kipofu. Akiwahi mno, dereva atasahau. Ni kazi ya mwimbaji anayemwitikia mwenzake, na anayekosea huingia kwenye mti pamoja na aliyepatia.

Msimu wa 1981 ulianza vibaya. Monte Carlo uchafu kwenye petroli uliwasimamisha mapema. Portugal akamaliza wa 4. Halafu ikaja Sanremo, Italia, mwezi Oktoba, rali ya lami na changarawe zikipokezana. Magari makubwa yakaanza kupungua, na Mouton akajikuta mbele. Nyuma yake alikuwa Ari Vatanen na Ford Escort, mtu aliyekuwa njiani kuwa bingwa wa dunia mwaka huo, na aliyekuwa amejigamba wazi kwamba hawezi kushindwa na mwanamke. Usiku wa mwisho pengo lilikuwa limebaki nusu dakika hivi. Breki za Audi zilikuwa zimemsumbua. Wengi waliamini Vatanen angemla kabla ya alfajiri.

Vatanen alikanyaga mafuta kuliko njia ilivyoruhusu, akagonga jiwe, akaishia nafasi ya 7. Mouton aliendesha kwa mwendo wake mpaka mwisho. Tarehe 10 Oktoba 1981 akawa dereva mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya ubingwa wa dunia wa rali. Wa 2 alikuwa kijana wa Kifini na Talbot, Henri Toivonen. Jina hilo tulishike.

Mwaka 1982 ndio uliomfanya Mouton awe Mouton. Ulianza ukutani: Monte Carlo aliteleza na kugonga nyumba kwenye kijiji cha Briançonnet. Mwezi Machi akashinda Portugal, ambako watazamaji walijaa katikati ya barabara na kufunguka kama pazia gari likifika. Mwezi Juni akashinda Acropolis, rali ya Ugiriki inayovunja shokamzoba kama njugu. Mwezi Agosti akashinda Brazil. Finland akaanguka, Sanremo akawa wa 4. Mpinzani wake sasa alikuwa mmoja, Mjerumani Walter Röhrl na Opel Ascona 400, gari la magurudumu mawili ya kuvuta lisilokuwa na kasi ya Audi lakini lisiloharibika. Röhrl alikusanya pointi kama mtu anayeokota kuni: kila safari anarudi na kitu.

Zilibaki rali mbili. Ya kwanza ilikuwa Ivory Coast.

Rali hiyo ilikuwa ndugu wa Safari yetu, maelfu ya kilomita za vumbi jekundu na msitu, kwenye barabara zisizofungwa. Mwaka 1972, ilipokuwa ikiitwa Bandama, hakuna gari hata moja lililofika mwisho. Timu za Ulaya ziliipenda na kuiogopa. Mwishoni mwa Oktoba 1982 Mouton alikuwa Abidjan akijiandaa, na muda mfupi kabla ya kuanza akapata habari kwamba baba yake, aliyekuwa akiugua saratani, amefariki.

Kwetu msiba ungesimamisha yote. Ndugu wangekutana, mikeka ingetandikwa, na mtu angetumwa kumrudisha mtoto nyumbani hata kama ni kwa nguvu. Mama yake alimwambia aendeshe. Ndivyo baba alivyotaka. Akaingia garini, na timu ikapiga kazi kama kawaida, na kwa siku kadhaa binti yule aliendesha kama mtu ambaye hana kitu kingine cha kuogopa. Röhrl akaachwa dakika kumi, nusu saa, saa nzima na zaidi.

Kisha giaboksi likaanza kulalamika. Ukiwa dereva unalijua tatizo hilo kwa mkono kabla ya sikio: gia inaingia kwa kusitasita, kiwiko kinapata mtetemo ambao jana haukuwepo. Mafundi walilitoa na kuweka jingine. Kwenye Quattro kazi hiyo haikuwa kama kubadili giaboksi la gari la kawaida, maana huko ndiko nguvu inakogawanyika kwenda mbele na nyuma. Kila kitu kimefungwa na kingine, kila kitu kina moto wa kubabua ngozi. Spana zinapokezana chini ya gari, mtu anashikilia taa, na saa ile isiyo na upendeleo inaendelea kuhesabu. Ile saa nzima aliyoijenga kwa siku kadhaa ikayeyuka pale kando ya barabara. Aliporudi njiani, Röhrl alikuwa amemfikia.

Sasa ilibidi aendeshe kwa nguvu tena, na ukungu ukawa umeshuka. Kwenye ukungu taa kubwa hukurudishia mwanga usoni. Unaendesha kwa kusikiliza, na daftari lina thamani tu kama unajua kwa hakika uko mstari gani. Gari likatoka njiani, likabingiria. Wakajaribu kuendelea nalo. Halikufika mbali. Röhrl akashinda rali, na ubingwa ukaisha hapohapo, ikiwa imebaki rali moja ya Uingereza ambayo Mouton alimaliza wa 2 nyuma ya Mikkola. Hesabu ya mwisho: Röhrl pointi 109, Mouton 97. Audi walichukua taji la watengenezaji, na ushindi wake mara 3 ulikuwa sehemu kubwa ya taji hilo.

Röhrl aliwahi kusema kwamba angekubali kushindwa na Mikkola lakini si na Mouton. Hakuwa na shaka na uwezo wake, shida ilikuwa ni mwanamke. Ni kauli ya ajabu kwa uwazi wake. Wengine walikuwa wakitafuta kisingizio kwenye injini; huyu alikiri kwamba gari na mkono wa dereva havikuwa tatizo. Wala siwezi kumtwika Röhrl lawama ya Ivory Coast. Alishinda kwa haki, kwa kulitunza gari lake. Kilichomkosesha Mouton ubingwa ni giaboksi na ukungu, vitu ambavyo vimewakosesha wanaume wengi zaidi. Hilo nalihesabu kama sehemu ya ukuu wake: alishindwa kama dereva yeyote anavyoshindwa.

Pasaka iliyofuata alikuja Nairobi. Hiyo ilikuwa Safari ya kwanza ya Quattro, na Audi walijifunza somo ambalo kila mgeni hulipia ada: Safari haitaki kasi peke yake. Inataka gari linaloweza kupita kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi baada ya mvua, kuvuka mto unaofika kiunoni mwa mtu, na kukwepa ng'ombe anayevuka bila haraka kwa sababu barabara ni yake tangu mwanzo. Bingwa wa nyumbani Shekhar Mehta alikuwa ameshinda Safari nne mfululizo kabla ya hapo kwa kulijua hilo. Mwaka 1983 aliyeshinda alikuwa Ari Vatanen na Opel, yuleyule wa Sanremo. Mikkola akawa wa 2. Mouton na Pons wakawa wa 3.

Wa 3: nafasi ileile ya Anne Hall mwaka 1961, ileile ya Pat Moss mwaka 1962. Kuna watu wataliona hilo kama kikomo. Mtu aliyewahi kuendesha kutoka Nairobi hadi Mombasa wakati wa masika kabla lami haijanyooka ataliona tofauti.

Baada ya hapo kiti kikaanza kupungua, si kwa kugombana, ila kwa namna viti vinavyopungua kila mahali. Audi walileta madereva wengine; mwaka 1984 Mouton alipewa rali chache tu, ingawa Sweden alimaliza wa 2. Mwaka 1985 akarudi Ivory Coast, na huko gari lake lilionekana likifuka moshi, likapotea machoni kwa muda, likarudi zima. Wapinzani wakasema limebadilishwa msituni. Audi wakakana, lakini akaondolewa mashindanoni kabla ya mwisho. Wanaomwandika kama mtakatifu huiruka habari hii. Mimi naiacha ilipo, kama doa la mafuta kwenye suruali ya fundi.

Mwaka huohuo alikwenda Marekani, Colorado, kwenye mlima uitwao Pikes Peak, ambako magari hupanda kona 156 katika kilomita 20 hivi mpaka mita 4,300, hewa nyepesi kiasi kwamba injini nazo zinahema. Njia ilikuwa ya changarawe na mahali pengi haikuwa na ukingo; ukikosea, unakosea kuelekea chini. Wenyeji waliutawala mlima huo kama shamba la ukoo, na mgeni mwenye gari dogo la Kijerumani hakupokelewa kwa maua. Alitozwa faini ya mwendo kasi eneo la maandalizi. Akapanda kwa dakika 11 na sekunde 25.39, rekodi mpya ya mlima, akiivunja ya Al Unser Jr.

Mwaka 1986 alihamia Peugeot, akashinda ubingwa wa rali wa Ujerumani kwa gari la 205 Turbo 16: taji kamili la taifa, juu ya wanaume wote, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika mashindano makubwa ya rali. Halafu akaacha. Alikuwa na miaka 35.

Nyuma yake viti havikuongezeka. Miaka 6 ilipita ndipo Mjerumani Ellen Lohr, katika upande mwingine wa mchezo, mbio za uwanjani za magari ya familia yaliyoongezwa nguvu, akashinda Hockenheim tarehe 24 Mei 1992 ndani ya Mercedes ya kiwanda, bingwa wa zamani wa Formula 1 Keke Rosberg akimfuata. Naye alikuwa na kiti cha kiwanda; naye hakufuatwa na mshindi mwingine mwanamke katika mashindano hayo ya DTM. Kwenye rali, Sanremo, Portugal, Acropolis na Brazil zimebaki kuwa ushindi pekee wa dereva mwanamke katika raundi za dunia. Mwaka 2010 shirikisho la kimataifa la magari, FIA, lilipounda kamisheni ya wanawake katika mchezo huu, lilimpa Mouton uenyekiti. Kazi yenyewe, ukiivua lugha ya ofisi, ilikuwa kutafutia watu viti.

Nimeiweka Corsica mwisho kwa makusudi. Mei 1986 alikuwa kisiwani tena, kule alikoanzia kushika daftari akiwa upande wa kulia. Ilikuwa rali yake ya mwisho ya ubingwa wa dunia. Magari ya daraja la B, daraja la juu la rali wakati huo, yalikuwa yameshakuwa makali kupita barabara. Miezi miwili nyuma watazamaji walikufa Portugal. Peugeot yake iliharibika, akatoka mashindanoni. Tarehe 2 Mei Henri Toivonen, kijana aliyemaliza wa 2 nyuma yake Sanremo, alitoka njiani kwenye kona ya kushoto isiyokuwa na ukuta, Lancia ikatumbukia na kuungua, akafa pamoja na mwelekezi wake Sergio Cresto. Magari ya daraja hilo yakapigwa marufuku mwaka uliofuata.

Mwaka 1987 Mouton alijifungua binti. Mwaka 1988 yeye na Fredrik Johnsson wakaanzisha mashindano ya kumkumbuka Toivonen, Race of Champions: madereva wawili kwa wakati mmoja, njia mbili sambamba, na magari yanayofanana.